Muulize Mke wa Dereva

Asiimwe mwanangu,

Nimekasirika. Nakuambia mwanzoni kabisa, usije ukasoma huku unatabasamu ukidhani hii ni barua ya kuagana. Wewe umekwenda Nkwenda kuwaaga rafiki zako, baba yako yuko barazani anashona kiatu cha mtu, na mimi nimechukua kalamu yako na karatasi zako bila kuomba. Habari za sweta, chandarua na kuchagua marafiki shangazi yako amekuimbia tangu juzi, sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu Jumapili pale mezani.

Unakumbuka ulichosema? Baba yako alikuuliza hiyo kazi unayokwenda kuanza Kahama kwenye kampuni ya malori ikoje. Ukajibu huku unajipakulia maharage: "Ah, baba, ni nyepesi. Kuna agizo madereva wapimwe ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Napima shingo kwa futi, nawauliza kama wanasinzia njiani, wote watasema hapana. Nasaini, magari yanaondoka." Ukacheka. Na baba yako naye akacheka. Alicheka, Asiimwe! Mimi nikaondoka nikaenda jikoni kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Wakati wa ajali wewe ulikuwa shule ya bweni. Tulikuambia yale anayoambiwa mtoto: gari limepinduka, baba ameumia mguu, utingo wake Gozbert amefariki. Basi. Ukakua, ukasomea utabibu, ukausoma ugonjwa wa baba yako kwenye vitabu mpaka ukafaulu mtihani wake, na hata siku moja hukuniuliza niliishije nao humu ndani. Wala mimi sikusema. Leo nasema, na utanisikiliza mpaka mwisho.

Baba yako alikoroma tangu aliponioa. Sikushangaa, kwetu mwanaume akikoroma watu husema ameshiba na nyumba ina amani. Lakini mkoromo wake ulikuwa na tabia. Ulipanda, ukapanda, halafu kimya. Kimya kabisa, kifua hakiendi. Nililala pale nimekaza meno namsubiri, mpaka astuke kama mtu aliyeopolewa mtoni, avute hewa kwa kishindo, aanze upya. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga, amechoka kuliko alivyolala, halafu ananiuliza mimi, "Mbona macho yako mekundu hivyo?" Ala! Macho yangu!

Nikampelekea neno Bibi Kemilembe, shangazi wa baba yako, yule aliyenifunda nilipoolewa. Sikumaliza hata sentensi. "We mtoto!" akanikatiza. "Ya chumbani unayatoa uani? Mume akikoroma unamgeuza. Akisinzia mchana unampa amwani. Kwani wewe umeolewa na mwanaume wa namna gani asiyekoroma?" Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali yangu, na hiyo ndiyo dawa niliyoandikiwa.

Wewe unajua kazi ya amwani, umeifanya na mimi. Kahawa inachumwa ingali kijani, inachemshwa na majani yake, inaanikwa mpaka ikauke vizuri kwa kutafuna. Kwetu ni heshima, mgeni haondoki hajapewa japo punje. Mimi nikaigeuza kuwa dawa ya kufukuza usingizi. Kila baba yako alipokwenda na lori kupakia ndizi na kahawa Nkwenda nilimfungia kifurushi kwenye jani kavu la mgomba, akakitia mfuko wa shati. Mwanzo kidogo. Halafu kikubwa. Mwisho alikuwa anatafuna tangu anawasha gari mpaka anashusha mzigo, shavu limevimba kama la mwenye jino bovu. Na wenzake wananisifu! "Shemeji, amwani zako zinaamsha hata maiti." Nami nikafurahi, nikachemsha nyingine. Mtu anatafuna kahawa kutwa nzima ili asilale mchana kweupe, kila punje inasema anaumwa, na mkewe anamwongezea punje. Nilimpenda baba yako, sikatai. Lakini nilikuwa naufunika ugonjwa wake kwa mikono yangu miwili, na nilijivunia mikono hiyo.

Tena si mimi peke yangu niliyejua, na hapo ndipo damu inaponichemka. Kwenye nyumba za wageni za Nkwenda hakuna dereva aliyekubali kulala naye chumba kimoja. Walimwita Jenereta. Akinyamaza wanasema mafuta yamekata. Akistuka na kuanza tena wanapiga makofi, umeme umerudi! Watu wazima, wenye wake na watoto, wanakaa macho wanasikiliza mwenzao anakata pumzi, na kitu pekee kinachowajia kichwani ni jina la utani. Waliujua ugonjwa ule vizuri kuliko vitabu vyako, wakautania.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Mwenye malori, sisi wote tulimwita tajiri kama ilivyo desturi, aliletewa agizo kwamba madereva wake wapimwe. Akamleta nesi, binti mdogo wa umri wako wa leo, nguo nyeupe imepigwa pasi, futi imening'inia shingoni. Mimi nilikuwa pale kwenye yadi ya malori kwa sababu baba yako alikuwa ameondoka nyumbani bila kifurushi chake cha amwani, nami nikapanda bodaboda nimfuate. Ningekaa nyumbani siku ile!

Aliwapanga mstari pale uani, jua la mchana, tajiri amekaa kwenye kiti cha plastiki anakoroga chai. Akapima shingo moja moja. Kisha maswali, kwa sauti, kila mtu anasikia: unakoroma? Kuna mtu amewahi kukuambia unakatika pumzi ukiwa umelala? Unasinzia ukiendesha?

Wa kwanza alikuwa Projesti. Yule bwana alikuwa mkweli mpaka anakera watu. Akasema, "Ndiyo, nesi, nasinzia. Juzi nilistuka nimeshahamia upande usio wangu." Kijiko cha tajiri kikasimama. Hakumuuliza lolote, wala pole hakumpa. Alinyoosha mkono tu.

"Funguo."

Projesti akatoa funguo mfukoni mbele ya wote, na jua halijazama gari lake likawa na dereva mwingine. Hakuna aliyesema atatibiwa wapi. Hakuna aliyesema akipona arudi. Nesi akaandika alichoandika, akasema, "Anayefuata." Watu wanapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, huyu hakuficha. Aliumbuliwa na binadamu, akiwa hai, mchana.

Anayefuata alikuwa baba yako. Alimtazama Projesti, akamtazama tajiri, akasema, "Mimi nalala vizuri kabisa." Wenzake nyuma yake wakaangalia viatu vyao. Jenereta analala vizuri! Siku hiyo hata mmoja hakuona cha kuchekesha.

Yule nesi hakuwa mjinga, nampa haki yake. Aliitazama futi, akaitazama shingo ya baba yako ilivyojaa kwenye kola, akasitasita. Akageuka, akaniona getini na kifurushi changu. "Mama, wewe ni mke wake?" Nikasema ndiyo. "Analala vizuri?"

Niliulizwa, Asiimwe. Miaka yote hii wewe na shangazi yako mnanihurumia kwamba sikujua, na mimi nakubali kuhurumiwa, lakini niliulizwa kwa Kiswahili chepesi na jibu nilikuwa nalo. Projesti amesimama pale hana la kufanya na mikono yake. Tajiri ananitazama. Baba yako ananitazama, jasho linamtiririka shingoni. Na Bibi Kemilembe naye yumo kichwani, ya chumbani unayatoa uani? Nikasema, "Analala kama mtoto." Hata "vizuri" haikunitosha, nikatia chumvi! Nesi akasaini. Nikampa baba yako amwani zake, na gari likaondoka.

Sasa umeelewa kwa nini nilikwenda kusugua sufuria.

Msimu wa kahawa haujaisha, ajali ikatokea. Ilikuwa saa nane mchana, barabara kavu, imenyooka, pale penye malisho wazi ambako ng'ombe huonekana toka mbali. Wachungaji walisema gari lilitoka barabarani taratibu kama la mtu anayetafuta pa kuegesha. Breki haikukanyagwa. Likaingia katikati ya ng'ombe, likalala upande wa utingo. Gozbert alikuwa utingo wa baba yako tangu wote wawili hawajaoa, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwa amejiegemeza anapumzika, kwa nini asipumzike? Ilikuwa mchana, barabara nyoofu, na dereva wake si mlevi. Alifia pale pale.

Na walisema nini? Mlevi! Barabara nyoofu, mchana, hakuna kona, hakuna mvua, lazima alikuwa amelewa. Baba yako, ambaye hata rubisi, ile pombe ya ndizi ya harusini, anaonja kwa adabu tu kisha anaipitisha kwa jirani! Tajiri ndiye aliyeanza kulisema. "Mimi dereva wangu alipimwa, karatasi ipo. Kama si pombe ni nini?" Karatasi ipo. Kanisani wakaacha kumwita kusoma somo. Mama Edita, mjane wa Gozbert, alinikumbatia msibani kabla neno la pombe halijamfikia, na tangu limfikie hajaniitikia salamu. Hajawahi kunikaribisha kwake Kihanga wala kunipa punje ya amwani. Simlaumu. Anaamini mumewe aliuawa na mlevi, na mke wa mlevi anapita barabarani na kikapu chake kama kawaida.

Ukweli niliujua baada ya siku chache tu, hospitalini. Baba yako amelala, mguu umening'inizwa, daktari wa zamu anapita. Akasimama. Akasikiliza. Hakumwamsha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hebu tutoke nje kidogo." Tukasimama kivulini nyuma ya wodi, hakuna mtu, akaniuliza, "Huwa anakaa kwa muda gani bila kuvuta pumzi?" Hakuuliza kama anakatika pumzi, aliuliza kwa muda gani. Nikakaa chini kwenye nyasi, nikamwambia yote, mpaka yale ambayo Bibi Kemilembe angenilaani kwayo.

Akanieleza. Koo linajifunga mtu akilala, ubongo unamstua apumue, linajifunga tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha, basi mtu amelala lakini hajapata usingizi. Akasema kuna kipimo, mtu analala hospitali kubwa amefungwa nyaya, wanausoma usingizi wake. Akasema kuna mashine ya kusukuma hewa, na wapo madereva wanaotibiwa wakarudi kwenye usukani.

Wakarudi kwenye usukani! Nilimkasirikia yule daktari maskini kama yeye ndiye aliyemuua Gozbert. Kwa nini hilo halikusemwa pale uani? Neno moja tu! Kama nesi angeanza na hilo, "anayeumwa atatibiwa na atarudi kazini," Projesti asingekuwa kituko, baba yako angefungua mdomo, na mimi getini nisingekuwa na cha kuogopa. Badala yake walitupangia mstari tuone mkweli anavyonyang'anywa funguo, halafu ndipo wakatuuliza.

Mashine tuliipata baadaye, umeiona, wewe mwenyewe unaifuta vumbi ukija likizo. Siku hizi baba yako analala kama mtoto, sawasawa na nilivyodanganya. Umeme ukikatika anarudi kuwa Jenereta, na mimi narudi kukaza meno. Usukani hakuurudia, mguu haukumruhusu.

Jumapili, nilipokuwa nasugua sufuria, alinifuata jikoni akichechemea na gongo lake. Nikamwambia, "Mtoto wako anakwenda kuwa yule nesi, na wewe unacheka!" Akakaa juu ya kinu. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi nikianza kusimulia nitafika kwa Gozbert, na pale sipawezi." Ndiyo maana unasoma mwandiko wangu na si wake.

Basi sikiliza, wewe mwenye futi mpya. Utamuuliza mtu aliyelala kama alikuwa anapumua? Atajuaje? Anayejua ni aliye macho pembeni yake. Muulize mke wa dereva. Muulize utingo. Muulize mwenye nyumba ya wageni ni dereva gani wenzake hawataki kulala naye chumba kimoja. Ukisikia jina la utani, usicheke, uliza limetoka wapi. Lakini mke usimuulize getini mwajiri ananyoosha shingo asikie. Mpeleke kivulini. Mpigie simu mume akiwa safarini. Mwanamke aliyefundwa kufunga mdomo haufungui kwa sababu wewe umevaa nguo nyeupe.

Na usimuulize binadamu yeyote swali ambalo hujui utamfanyia nini akilijibu kwa ukweli. Kabla hujakunjua hiyo futi, ingia kwa huyo tajiri wako, nasikia siku hizi mnamwita meneja, muulize: nikimpata mgonjwa, anatibiwa wapi, kazi yake nani anamshikia, na akipona anarudi? Akijibu vizuri, watangazie madereva kabla ya kipimo, yeye mwenyewe asimame aseme. Akikujibu "wewe pima tu," usipime. Najua utakavyosema: "Mama, kazi zenyewe ziko wapi?" Unadhani sijui? Nani aliyekusomesha kwa kuinama kwenye migomba hii? Ukirudi na begi lako nitaumia kuliko wewe, nitafoka, majirani watasikia. Rudi tu. Nitafoka huku napika.

Hata hivyo siwezi kukwambia uwe jasiri halafu mimi nibaki hapa nimejificha nyuma ya mguu wa baba yako. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kuliko tajiri, kuliko wale wacheza mzaha wa Nkwenda. Kumtoa baba yako kwenye jina la mlevi kulihitaji kitu kimoja: mimi niende kwa Mama Edita nikamwambie haikuwa pombe, ulikuwa ugonjwa, niliujua, niliulizwa, nikasema analala kama mtoto. Nimekaa na maneno hayo muda wote huu. Nimemwacha mume wangu aitwe mlevi kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu. Yeye anajua, na hajawahi kunilazimisha, na ningependa angenilazimisha.

Amwani nimekufungia, ziko chini ya barua hii. Ni za watu watakaokupokea Kahama, kwa heshima, kama tunavyofanya. Dereva akikuomba, mpe. Akirudi kuomba tena, na tena, usimpe. Muulize mkewe anaitwa nani na anapatikana kwa namba gani.

Kesho usinitafute stendi. Baba yako atakupeleka, ameshaongea na kijana wa bodaboda atakayembeba na gongo lake. Mimi alfajiri naelekea Kihanga kwa Mama Edita. Nitabisha hodi, nitasema shikamoo ingawa tuko rika moja, kwa sababu mwenye kosa ndiye anayeinama. Nitamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, yote, kabla hajapata nafasi ya kunifukuza. Akinipa hata punje moja ya amwani nitajua amenisikia. Asiponipa, basi, nitakuwa nimesema.

Mama yako,
bado amekasirika, na anakupenda.